Maji Yameshuka, Mbona Baadhi ya Familia Hazijarudi Nyumbani?

Kila Mto Tana unapofurika, habari huwa ni zile zile: barabara imekatika, mashua zinavusha watu, malori ya unga na mablanketi yanawasili. Wiki chache baadaye mto hurudi kwenye kingo zake, na wengi huchukulia kwamba mambo yamekwisha. Lakini kwenye sehemu zilizoinuka kati ya Madogo na Garsen, baadhi ya vibanda vya turubai hubaki. Wakaazi wa sehemu hizo huuliza, wakati mwingine kwa lawama: maji yameshuka, mbona watu hawa hawarudi kwao?

Jibu la kwanza ni kwamba nafasi ya kupumua imekuwa fupi. Wazee huhesabu mafuriko makubwa ya 1961, kisha El Nino ya 1997 na 1998. Yalikuja ya 2018, ambayo nchini kote yaliwaondoa makwao watu zaidi ya 300,000. Mwishoni mwa 2023 El Nino ikarudi, na kabla waliopoteza nyumba hawajamaliza kuezeka, mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaleta maji mengine. Familia iliyojenga mara mbili kwa miaka sita haiwezi kulaumiwa ikisita kujenga mara ya tatu mahali pale pale.

Jibu la pili liko shambani. Kwa vizazi vingi, wakulima wa kando ya Tana wamepanda mpunga, mahindi na ndizi kwenye udongo unaoachwa na maji yanapopungua. Mafuriko ya kadiri yalikuwa neema. Yale makubwa ni jambo jingine. Migomba huoza ikikaa ndani ya maji siku nyingi. Mahali penye mkondo mkali, mto huacha mchanga badala ya tope lenye rutuba, au huchukua ukingo mzima pamoja na miembe yake. Mwembe uliopandikizwa huhitaji takriban miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa kwa kiasi cha kuuza, na ule wa mbegu huhitaji zaidi. Kwa hiyo mtu aliyepoteza miembe amepoteza karo ya watoto kwa miaka kadhaa ijayo. Isitoshe, Tana huhama njia. Kuna mashamba ambayo baada ya mafuriko hujikuta upande wa pili wa mto, na mpaka uliokuwa mti au mfereji haupo tena. Hapo mwenye shamba huanza kwa kesi mbele ya wazee kabla ya kushika jembe.

Wafugaji nao wana yao. Mbegu za mathenge husafiri kwa maji na kwa tumbo la mifugo, na ardhi iliyoloa huwa kitalu chake. Malisho yaliyokuwa wazi yanaweza kugeuka kichaka kisichopitika.

Lipo pia tatizo lisiloonekana kwenye picha za mafuriko, nalo ni stakabadhi. Mgao wa chakula wa siku za kwanza hutolewa hata kwa asiye na kitambulisho, ila karibu kila msaada unaofuata hukihitaji. Chukua mfano wa mama ambaye sanduku lake lilikwenda na maji likiwa na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila kitambulisho hawezi kubadilisha laini ya simu iliyopotea, na fedha za msaada hutumwa kwa simu. Hawezi kujisajili kwa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata shida wakati wa kusajiliwa kwa mitihani ya kitaifa. Mama huyo akisafiri hadi Hola kufuatilia, nauli inatoka kwenye hela za chakula, na mara nyingi safari moja haitoshi. Wengi huahirisha, na mwaka unakwisha.

Hatua zenyewe si siri. Aliyepoteza kitambulisho huanza kituo cha polisi kupata abstrakti, kisha huenda ofisi ya usajili wa watu akiwa na nambari yake ya zamani ikiwa anaikumbuka. Vyeti vya kuzaliwa hufuatiliwa katika ofisi ya usajili wa raia. Ni vyema kuanza na chifu au naibu wa chifu wa kule mtu alikotoka, kwa sababu ndiye anayemfahamu. Anayeishi penye hatari ya mafuriko apige picha za stakabadhi zote sasa hivi, kabla ya mvua, na kumtumia jamaa aliye mbali.

Kwa nini basi wasipewe tu ardhi ya juu? Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Sehemu kubwa ya ardhi katika Tana River ni ardhi ya jamii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Kaunti si mwenyewe. Mahali palipo wazi machoni pa mkulima, kwa mfugaji ni malisho ya kiangazi au njia ya mifugo kwenda mtoni. Kaunti hii inakumbuka vizuri yaliyotokea Tana Delta mwaka 2012 na 2013. Kuhamisha kijiji bila makubaliano ya wenyeji ni kutatua janga moja kwa kupanda lingine, na mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyotaka.

Hata hivyo ucheleweshaji hauondoi haki. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani haihusu waliofukuzwa na ghasia za uchaguzi pekee. Inawahusu pia waliohamishwa na majanga ya asili. Inataja njia tatu: kurudi walikotoka, kubaki walikokimbilia, au kuhamia sehemu nyingine ya nchi. Uchaguzi unapaswa kuwa wa hiari, baada ya mtu kuelezwa ukweli wote. Anayesalia kwenye turubai kwa sababu shamba lake limeliwa na mto bado ni mhamishwa, hata kama mgao wa chakula ulikoma zamani.

Suala la fedha nalo lieleweke. Sheria inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake. Hazina hiyo ni ya mahitaji ya ghafla yasiyotarajiwa, kama mashua, dawa, maji safi na chakula. Kujenga upya zahanati, kuinua barabara ya kijiji au kupima viwanja mahali papya ni kazi ya miaka, na lazima iingie kwenye bajeti ya kawaida. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Waliohama huwa nadra kwenye vikao hivyo, kwa kuwa hufanyika kwenye wadi na wengine hawajui tena wahesabiwe wadi gani. Anayeishi kambini anaruhusiwa kuzungumza katika wadi aliyomo sasa au ile aliyotoka. Asiyeweza kufika anaweza kupeleka maoni kwa maandishi kupitia ofisi ya msimamizi wa wadi, akitaja kijiji alichotoka, mahali anapoishi sasa, na kama anataka kurudi, kubaki au kuhama.