Mlango wa Oveni Unapokataa Kufunga au Kufunguka

Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara cha binti yetu wa kwanza. Wageni walikwisha kufika kutoka kijijini. Unga, siagi na mayai vilikuwa mezani, nami nilikuwa na keki tatu za kuoka. Lakini niliona aibu kufungua oveni yenye masizi mbele ya mama mkwe. Jiko letu la umeme, tulilonunua likiwa limekwisha kutumika Ulaya, lina kitufe cha kujisafisha. Nikakibonyeza. Mlango ukajikomea wenyewe na joto likaanza kupanda. Baada ya saa moja hivi, umeme ukakatika.

Uliporudi jioni, mlango ulikuwa umekaza kama uliopigwa misumari. Nikavuta. Baba watoto naye akavuta, kisha akaleta bisibisi. Nilipomsihi aache, akaniuliza ni nani aliyenituma kusafisha oveni siku ya shughuli. Maneno yakawa makali, na wageni wanasikia. Mama mkwe ndiye aliyetuponya. Alinyanyua sufuria, akaagiza mkaa, na keki zote tatu zikaiva kwa moto wa chini na wa juu, kama alivyozoea tangu ujana wake.

Jumatatu fundi alikuja. Alizima swichi ya jiko ukutani, akanywa chai aliyokaribishwa, akaiwasha tena. Komeo likarudi lenyewe. "Mama," akasema, "mlango huu haukuharibika. Ulikuwa unawalinda. Mngeuvunja usiku ule, hapo ndipo ungeharibika kweli."

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa kila mama ayajue.

Kwa nini mlango hujikomea

Keki huiva kwa joto la nyuzi 180 hivi. Oveni inapojisafisha, joto hupanda hadi nyuzi 430 na hata 500, ili mafuta na mabaki ya chakula yateketee na kuwa majivu. Mtu akifungua mlango wakati huo, hewa ya moto itamchoma uso, na mafuta yaliyomo yanaweza kuwaka ghafla. Ndiyo maana mota ndogo husukuma komeo, na komeo halirudi mpaka joto lishuke. Kazi yote huchukua saa mbili hadi nne, na kupoa huweza kuchukua saa moja au zaidi. Basi usisafishe kwa njia hii siku unayotaka kupika, wala siku ambayo umeme hukatika mara kwa mara.

Ukikataa kufunguka

Kwanza, subiri. Kama kioo bado kina moto, mlango unafanya kazi yake. Usimwagie maji baridi, kwa maana kioo chenye moto huweza kupasuka.

Pili, kumbuka kwamba mota ya komeo hutumia umeme. Umeme ukikatika, komeo hubaki lilipo. Umeme ukirudi na oveni ikiwa imekwisha kupoa, zima swichi ya jiko ukutani kwa dakika tano au zaidi, kisha uiwashe. Mara nyingi oveni hujipanga upya na kuachia mlango.

Tatu, tazama vitufe. Oveni nyingi zina kufuli ya watoto, nayo huwashwa kwa kubonyeza kitufe fulani kwa sekunde chache. Mtoto mchezaji au kitambaa cha kufutia kinaweza kuiwasha bila wewe kujua. Ukiona alama ya kufuli au ya ufunguo, shikilia kitufe hicho tena mpaka alama itoweke.

Hayo yote yakishindikana, mwite fundi. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi. Komeo likipinda, gharama itakuwa kubwa zaidi, na nyuma yake kuna nyaya za umeme.

Ukikataa kufunga

Tatizo hili huwapata hata akina mama wenye majiko ya kawaida, ya gesi au ya umeme, yasiyo na komeo. Mlango hubaki wazi kidogo, mkate huiva upande mmoja, na vishikio vya mbele hupata moto mpaka vinaanza kuyeyuka. Wapo wanaouegemeza kwa kigoda au kuufunga kwa waya. Tafadhali usifanye hivyo. Tafuta sababu, oveni ikiwa imezimwa na imepoa.

Angalia kama trei au wavu umejitokeza mbele. Kisha safisha ukingo wa mlango na tundu ambamo komeo huingia, kwa maana mafuta yaliyoganda na makombo hutosha kuuzuia. Katika oveni ya kujisafisha, mlango usiposhika sawasawa oveni hukataa kuanza kazi, na hufanya vyema kukataa.

Halafu tazama utepe unaozunguka mdomo wa oveni. Ukiwa wa mpira, ufute kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na urudishe vikulabu vyake mahali pake. Ukiwa wa nyuzi zilizofumwa, usiusugue wala kuulowesha, kwa maana utaharibika. Ili kuupima, weka kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha ukivute taratibu. Kikishikwa, utepe ni mzima. Kikiteleza bila shida, joto linapitia hapo. Rudia pande zote nne.

Karatasi ikiteleza upande mmoja tu, huenda bawaba imepinda. Nyingi hupinda kwa sababu tunaweka sufuria nzito juu ya mlango uliofunguliwa, au mtoto amesimama juu yake. Bawaba hizi zina springi zenye nguvu, zinazoweza kuumiza vidole vibaya. Kazi hiyo mwachie fundi.

Mtoto na mlango wa oveni

Hapa ndipo penye uzito. Mtoto akikanyaga mlango uliofunguliwa, jiko zima linaweza kumwinamia pamoja na sufuria ya chai iliyo juu yake. Mwambie fundi alifunge jiko ukutani au sakafuni lisiinuke. Usiache mlango wazi ili oveni ipoe ukiwa na mtoto anayetambaa.

Akiungua, mpeleke mara moja kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Usitumie barafu. Usimpake dawa ya meno, mafuta, asali wala unga. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, lakini usivute kilichoganda kwenye ngozi. Kisha mpeleke hospitali, hasa akiungua uso au mikono, au malengelenge yakiwa makubwa.

Na kwa jiko la gesi, ukisikia harufu ya gesi unapofungua oveni, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya taa. Funga valvu ya mtungi, fungua madirisha, utoke na watoto.

Neno la mwisho

Usiku ule wa kipaimara, wageni walipolala, mimi na baba watoto tuliombana msamaha pale pale jikoni, mbele ya mlango uliokuwa bado umefungwa. Tulikuwa tumeutumia nguvu, na nguvu hizo hizo tukazigeuzia sisi kwa sisi. Mama mpendwa, si kila mlango unaokataa kufunguka ni wa kuvunjwa. Mwingine Mungu ameuacha umefungwa mpaka moto wa ndani upoe. Ngoja kidogo, chunguza sababu, na umwite anayejua.

Na keki za mkaa? Wageni walizimaliza zote.