Muganga ajue siasa pia

Binti akisema anataka kuwa muganga, wengi wetu tunamwambia: soma biolojia, soma kemia, achana na siasa. Tunaelewa sababu. Hapa Masisi siasa imetuletea vita na kukimbia. Lakini sisi walimu tunaona kwamba anayetaka kuponya watu anapaswa kujua pia namna wanavyotawaliwa.

Tukumbuke Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Chanjo ilikuwepo na waganga walijua kazi yao. Lakini tarehe 26 Desemba tume ya uchaguzi, CENI, ilisema Beni na Butembo watapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Na rais mpya alikuwa wa kuapishwa Januari! Kura yao ya rais ingefaa nini? Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola cha Beni, na wagonjwa waliokuwa wakingoja vipimo wakakimbia. Watu wengi waliamini kwamba ugonjwa ule ni njia ya kuwanyima kura. Mwaka wa 2019 Ebola ikafika Goma, hata Pinga kule Walikale. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikuwa wamekufa.

Pale alihitajika muganga mwenye chanjo mkononi, anayejua pia kwa nini watu hawaamini serikali, na ni nani wa kusikilizwa kwanza kijijini.

Tumtazame Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyeanzisha hospitali ya Panzi mwaka wa 1999. Alitibu wanawake waliobakwa, na vita vikaendelea kumletea wengine. Ndipo akaenda kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka wa 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani, na 2023 akagombea urais.

Basi, binti zetu wasidharau kozi ya uraia. Humo wanajifunza nani anapanga pesa za afya na nani anaweza kuulizwa zimeenda wapi. Nasi wamama tuingie katika CODESA, kamati ya afya ya eneo letu. Tuulize dawa ngapi zimefika, na bei ya kujifungua iliamuliwa na nani. Binti akimuona mama yake anauliza hivyo, naye atajua kuuliza siku atakapovaa koti jeupe.