Safari za watawala na mzigo wa wenyeji

KITHYOKO, soko lililo kando ya barabara kuu ya Thika kuelekea Garissa katika Kaunti ya Machakos, halijawahi kuwa na mfalme. Mambo ya Wakamba wa kale yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, wala hapakuwa na kasri la kulishwa. Hata hivyo, Mkenya yeyote aliyekula chumvi nyingi anafahamu maana ya ugeni wa mkuu: wanafunzi kupangwa kando ya lami, kwaya kukesha ikijifunza nyimbo, na chifu kupita nyumba hadi nyumba akikusanya mchango.

Desturi hiyo ina historia ndefu. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, alizoea kuondoka London wakati wa kiangazi na kuzuru mashambani pamoja na baraza lake, watumishi na mamia ya mikokoteni ya mizigo. Sababu zilikuwa nyingi. Tauni ilivuma mjini miezi ya joto, na makasri yaliyojaa watu yalinuka hata yakahitaji kuachwa yasafishwe. Zaidi ya hayo, mtawala asiyekuwa na jeshi la kudumu alihitaji kuonekana na raia, na kuwaona kwa macho yake mabwana wenye nguvu.

Nani aliyelipa? Mwaka 1575 Robert Dudley, mwandani wa malkia, alimkirimu kwa siku 19 katika ngome yake ya Kenilworth kwa fataki, michezo na karamu. Dudley alitarajia fadhila. Mkulima wa jirani hakutarajia chochote. Maafisa wa malkia walikuwa na haki ya kuchukua nafaka, kuku, kuni na mikokoteni kwa bei waliyoipanga wenyewe, ambayo aghalabu ilikuwa chini ya ile ya soko. Mji wa Norwich ulipata hasara kubwa zaidi. Ulimpokea malkia kwa shangwe mwezi Agosti 1578, na mara baada ya ziara tauni ikaangamiza wakazi wengi. Lawama ziliuangukia msafara wake.

Kenya nayo iliwahi kuwa na serikali iliyosafiri. Mzee Jomo Kenyatta hakuwa na mazoea ya kulala katika Ikulu ya Nairobi. Jioni alirejea kwake Gatundu, na mara nyingine alikaa Nakuru au Mombasa kwa muda mrefu, huku wajumbe wa wilaya wakimfuata huko na ngoma zao. Waziri aliyetaka kauli yake alifunga safari. Mauti yalimkuta Mombasa, Agosti 22, 1978.

Mrithi wake, Daniel arap Moi, aliyeongoza hadi 2002, alipenda kusimamisha msafara sokoni na kuhutubia akiwa garini. Mwananchi alipata fursa adimu ya kutaja barabara mbovu au uhaba wa maji, kama vile raia wa Elizabeth walivyomkabidhi malkia maombi yao njiani. Fursa hiyo haikuwa ndogo, na ndiyo maana watu walijitokeza hata walipokwisha kuchoshwa na michango ya harambee.

Uingereza ilifuta haki ya maafisa wa mfalme kujitwalia vyakula mwaka 1660. Nchini Kenya, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ndiyo iliyomkataza afisa wa umma kutumia cheo chake kuchangisha fedha za harambee.