Kufungua si Kazi, Kazi ni Kufunga

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya gari bovu. Sina maana ya gari lililopata ajali jana barabarani. Nasema lile pikapu la zamani lililosimama nyuma ya nyumba kwa miaka mingi, kuku wanatagia chini ya kiti, na mwenyewe kila akiulizwa hujibu, "Nitalitengeneza."

Wengi wetu tunaoishi mjini tunalo gari la namna hiyo kwa wazee kijijini. Tuchukulie liko Misima, kule Handeni, na kwamba enzi zake ndilo lililobeba mahindi kwenda sokoni, wagonjwa kwenda hospitali na maharusi kwenda kwao. Sasa mtoto wa mzee, ambaye anafanya kazi Dar es Salaam, amepata likizo ya wiki moja. Anakwenda nyumbani na boksi la spana, anakusanya vijana wawili watatu, na asubuhi ya pili wanaanza kufungua kebini ili waione chasisi iliyooza. Hadi jioni pikapu limekuwa vipande. Likizo inakwisha, kijana anarudi kazini, mvua za masika zinaanza, na baada ya mwaka mmoja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake. Gari la mzee linauzwa kwa kilo.

Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuizungumzie. Gari bovu lililo zima bado ni gari. Gari lililofunguliwa bila mpango ni lundo la vyuma. Kufungua kebini nyumbani, bila gereji wala winchi, ni jambo linalowezekana kabisa, lakini lina utaratibu wake.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Pikapu la zamani lina sehemu mbili kubwa. Chini ipo chasisi, yaani mifupa ya chuma inayobeba injini, giaboksi, springi na magurudumu. Juu yake limefungwa bodi: kebini wanamokaa watu, na nyuma yake karai la mizigo. Kebini hushikwa na chasisi kwa bolti chache tu, na kwenye magari mengi kati yake huwekwa mipira ya kupunguza mtikisiko.

Hata hivyo, kebini si zote za aina moja. Ile ya Toyota Hilux ni bati la chuma lililochomelewa likawa kitu kimoja, kwa hiyo hunyanyuliwa nzima. Ya Land Rover ya zamani huvuliwa kipande kimoja kimoja: paa, fremu ya kioo, milango, sakafu, sanduku la viti, na mwisho ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kibali, ila aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwepo. Ndiyo sababu bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Chasisi lakini ni ya chuma, mabati yaliyochomelewa kama sanduku refu lililo wazi ndani. Matope na maji huingia humo yasipate njia ya kutoka, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Kwa macho unaona gari zima. Ukigonga chasisi kwa nyundo, inatoboka.

Kuna na adui wa pili. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu hutokea umeme mdogo, mfano wa ule wa betri, na mojawapo huliwa. Hapa inayoliwa ni aluminiamu. Ndiyo maana ukifungua bolti ya chuma kwenye bodi ya Land Rover utakuta unga mweupe umeizunguka, na bolti imeganda kama imechomelewa.

Basi, kazi inaanza siku kadhaa kabla ya spana. Zungukia kila bolti, isugue kwa brashi ya waya, kisha ipake oili nyepesi au dizeli iliyochanganywa na oili. Rudia jioni na asubuhi. Mwenye haraka atazivunja bolti, na bolti iliyovunjikia ndani itamla siku nzima.

Halafu angalia spana zako. Magari mengi ya zamani ya Kiingereza yana nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, lakini itabaki na nafasi ya milimita 0.3. Kwa nati mpya si neno; kwa nati iliyoliwa na kutu nafasi hiyo inatosha kumenya kona zote sita. Baada ya hapo ni tindo na lawama.

Chagua mahali pa tambarare na pagumu. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Usitegemee breki ya mkono ya gari lililolala miaka kumi. Kama una simu yenye kamera, piga picha kila upande kabla hujagusa kitu.

Betri ni ya kwanza kutoka. Anza na ule waya unaokwenda kwenye mwili wa gari. Ukianza na mwingine, na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka.

Baada ya betri ni tangi la mafuta. Kwenye Land Rover nyingi za pikapu tangi liko chini ya kiti, yaani ndani ya eneo lile lile unalofanyia kazi. Hapa, ndugu msikilizaji, naomba usikilize vizuri. Tangi la petroli lililokauka ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo. Litoe, lizibe, lipeleke mbali na nyumba, mbali na jiko na mbali na wavuta sigara. Asikudanganye mtu kwamba petroli ilikwisha zamani, kwa hiyo mnaweza kukata kwa gesi karibu nalo.

Sasa fungua kwa mpangilio: boneti, paa, fremu ya kioo, milango, viti, sakafu, kisha sanduku la viti. Paa libebwe na watu wanne, mmoja kila kona. Kila kundi la bolti liingie kwenye kopo lake, na kopo liandikwe: "mlango wa kulia", "sakafu ya kushoto". Kila waya unaochomoa ufungwe kitambaa chenye namba, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na mahali ulipotoka. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Usiseme utakumbuka, kwani anayefungua mwezi huu si lazima awe ndiye atakayefunga mwakani.

Ukifika kwenye ule ukuta wa mbele, kabla ya kulegeza bolti zake za miguuni, hesabu vyote vinavyoupita: nyaya za umeme, mipira ya maji kama kuna hita, paipu za breki na za klachi, fimbo ya mafuta, waya wa spidomita, na usukani, ambao kisanduku chake kimeshikwa na ukuta huo pamoja na chasisi. Maji ya breki yakinge kwenye chombo. Yanababua rangi na ni sumu kwa watoto na kuku. Vikishatoka vyote, ukuta utanyanyuka. Ukigoma, usiite vijana zaidi. Ukiona haunyanyuki, kuna kitu umekisahau, na mara nyingi ni ule waya mdogo wa umeme unaokwenda kwenye injini. Nguvu ikitumika hapo, kinachokatika ni kile usichokiona.

Kwa mwenye Hilux au pikapu jingine la kebini nzima, utaratibu wa kuchomoa ni huo huo, ila kunyanyua ni tofauti. Kabla ya kutoa milango, pima nafasi kati ya mlango na fremu yake pande zote, uandike. Kama bati la chini ya mlango limeoza, chomelea au funga nondo katikati ya uwazi wa mlango. La sivyo kebini itajikunja hewani, na milango haitafunga tena maisha yake.

Kisha toa karai la nyuma na mkono wa gia. Pitisha miti miwili imara chini ya kebini, kutoka upande hadi upande, mirefu kuliko upana wa gari. Nyanyua kidogo kidogo kwa jeki, upande huu na upande ule, huku magogo yakipangwa chini ya ncha za miti, mpaka miti ipite juu ya matairi ya nyuma. Hapo huna haja ya kubeba kebini. Iache ikae juu ya magogo, na chasisi uisukume mbele kwa magurudumu yake mpaka itoke. Vijana wanne wanatosha.

Na kanuni moja haina msamaha: jeki hunyanyua, haishiki. Mtu asiingize kichwa, mkono wala mguu chini ya kitu kinachotegemea jeki peke yake. Watoto wa mtaani watakuja kutazama, ni desturi yao. Wapewe kamba ya mpaka na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia. Kebini inaweza kusubiri mwaka mzima. Mgongo wa mtu ukivunjika haupatikani dukani.

Jambo la mwisho ni karatasi. Namba ya chasisi ndiyo jina la gari lako; ndiyo iliyo kwenye kadi. Kwenye Land Rover nyingi za zamani imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia, pahali penye matope na kutu. Itafute, isafishe, ipige picha, na uilinganishe na kadi kabla ya kukata chuma chochote. Ukiamua kubadili chasisi nzima, nenda kwanza mamlaka ya mapato na polisi wa usalama barabarani ukaeleze. Gari lililofungwa vizuri lakini lenye namba isiyoeleweka, barabarani linafanana na gari la wizi.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na magari hayo, ya zamani kwa mapya, yakajipanga kwa mamia huku watu wakishangilia. Watu walisifu uimara wa kiwanda. Sifa hiyo ni nusu tu. Gari la mwaka 1965 halikufika Arusha kwa nguvu za kiwanda peke yake. Mahali fulani, chini ya mti fulani, fundi asiyejulikana alilifungua, akaandika alichofungua, akalifunga tena.

Kwa hiyo kama likizo yako ni ya wiki moja, usifungue kebini yote. Wiki hiyo paka oili, piga picha, gonga chasisi kwa nyundo ujue ukubwa wa tatizo, na ufanye hesabu ya fedha. Likizo ijayo njoo na makopo, daftari na turubai la kufunikia. Na kabla ya kugusa nati ya kwanza, keti na mzee mwenye gari. Mwulize analikumbuka vipi, lilisimama kwa ubovu gani, na nani alilitengeneza mara ya mwisho. Majibu yake yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo.