Nafasi ya Baba: Watoto wa Nje ya Ndoa katika Rejista za Uskoti

Tangu tarehe 1 Januari 1855, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo vyote nchini Uskoti kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, jina la baba liliingizwa katika rejista ya vizazi kwa kutegemea kama wazazi walikuwa wameoana. Mume wa ndoa aliandikwa hata asipokuwapo, kwa kuwa sheria ilimhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume wa mama yake. Mwanamume asiyekuwa mume hakuandikwa kwa kutajwa na mama peke yake: ilimlazimu afike kwa msajili pamoja na mama huyo, akiri kuwa mtoto ni wake, kisha wote wawili watie sahihi, na asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba mbele ya mashahidi. Asipofika, nafasi yake iliachwa tupu, mtoto kwa kawaida akachukua jina la ukoo wa mama, na chini ya jina lake, baba awe amefika au hakufika, likaandikwa neno la kumtambulisha kuwa si mtoto halali, desturi iliyodumu hadi 1919.

Wanaofuatilia nasaba zao, wakiikuta nafasi hiyo tupu, mara nyingi hudhani kwamba mama hakumjua aliyempa mimba, au kwamba alimficha. Dhana hiyo ni dhuluma kwa wanawake wasioweza tena kujitetea, kwani hata mama aliyelitaja jina waziwazi mbele ya msajili hakuweza kuliona likiandikwa ikiwa mwanamume hakutaka kufika. Mama aliyekanwa alibakiwa na njia ya kumshtaki mwanamume katika mahakama ya sherifu, yaani mahakama ya eneo, ili atangazwe kuwa baba na aamriwe kulipa gharama za uzazi na matunzo ya mtoto. Aliposhinda, karani wa mahakama alimpelekea msajili taarifa ya hukumu, naye akaiandika katika kitabu cha pembeni, rejista ya masahihisho, kisha akaweka rejeo ukingoni mwa ukurasa wa awali, maana maandishi ya kwanza hayakuruhusiwa kufutwa. Msomaji asiyeutazama ukingo huo humkosa baba ambaye mahakama ilikwisha kumtambua.

Lililo zito zaidi ni tamko la mwanamke mwenye mume aliyezaa na mwingine. Kwa kuwa sheria ingemhesabu mumewe kuwa baba, mwanamke huyo alitamka mbele ya msajili kwamba mume si baba wa mtoto, na kwamba hawakuwa na mawasiliano yoyote tangu walipoacha kuishi pamoja miaka kadhaa nyuma, na maneno hayo yote yakaandikwa rejistani. Hivyo kuvunjika kwa ndoa, ambako pengine hakukuwahi kufikishwa mahakamani, kuliingia katika kumbukumbu za serikali kwa njia ya kuzaliwa kwa mtoto.

Kabla ya 1855, kazi ya kumtafuta baba ilifanywa na baraza la wazee wa kanisa, chombo cha Kanisa la Uskoti kilichosimamia nidhamu katika kila parokia. Mwanamke mwenye mimba isiyo ya ndoa aliitwa na kuhojiwa, na mahali pengine mkunga aliagizwa kumdai jina la baba katikati ya uchungu, jambo lililokuwa la kikatili. Mwanamume aliyetajwa aliitwa pia; akikiri, alitozwa faini iliyoingia katika mfuko wa maskini na kukemewa hadharani ibadani; akikana, aliweza kutakiwa kula kiapo cha kujitakasa. Mshairi Robert Burns mwenyewe alikemewa hivyo kanisani Mauchline mwaka 1786 kwa sababu ya mimba ya Jean Armour, ambaye baadaye alitambuliwa kuwa mke wake. Kwa kuwa mahojiano hayo yaliandikwa, kumbukumbu za mabaraza mara nyingi humtaja baba ambaye kitabu cha ubatizo kimemnyamazia.

Takwimu zilizofuata usajili wa 1855 ziliwashtua wengi, kwani takriban mtoto mmoja kati ya kumi alizaliwa nje ya ndoa, na huko Banffshire, kaskazini-mashariki, uwiano ulikuwa mkubwa zaidi. Wahubiri walilaumu maadili, lakini utaratibu wa kazi unaeleza mengi: vijana wa mashambani waliajiriwa kwa mikataba ya miezi sita, wakahama kila Mei na Novemba, wakalala katika mabweni ya wafanyakazi, na nyumba za watu waliooa zilikuwa chache. Mtoto alilelewa na wazazi wa mama, mara nyingi bila kutengwa, na familia nyingi zilimpa jina la ukoo wa baba kama jina lake la katikati, kwa hiyo jina lililozuiwa katika safu ya baba likaingia rejistani kupitia safu ya mtoto.

Wazazi waliooana baadaye, ikiwa hapakuwa na kizuizi cha ndoa wakati mimba ilipotungwa, walimhalalisha mtoto kwa ndoa hiyo, kanuni ambayo Uskoti iliirithi kutoka sheria ya kanisa la kale, ilhali Uingereza iliikubali mwaka 1926 tu. Hadhi yenyewe ya mtoto kutokuwa halali ilifutwa na sheria ya familia ya 2006, na tangu tarehe 4 Mei mwaka huo, baba asiyeoa anayeandikisha uzazi pamoja na mama hupata haki na wajibu wa mzazi kwa usajili huo.