Upinzani bungeni: Kwa nini hoja nyingine huangusha waziri na nyingine huishia kwenye Hansard

KATI ya Februari 2008 na Desemba 2014, mawaziri watatu wa Serikali ya Awamu ya Nne waliokuwa wabunge wa Bukoba Vijijini, Bukoba Mjini na Muleba Kusini walipoteza nyadhifa zao kutokana na mijadala ya Bunge mjini Dodoma. Wote walitoka Mkoa wa Kagera, wote walikuwa wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), na yote hayo yalitokea katika muda usiozidi miaka saba.

Mkoa huo huo ndio uliompeleka bungeni mmoja wa viongozi wa kwanza wa upinzani tangu kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wilfred Lwakatare, aliyechaguliwa mwaka 2000 kuwa Mbunge wa Bukoba Mjini kwa tiketi ya Chama cha Wananchi (CUF), alikuwa Kiongozi wa Upinzani katika Bunge lililomaliza muda wake mwaka 2005. Katika miaka yake yote ya kuongoza kambi hiyo, hakuna Waziri Mkuu aliyejiuzulu wala Baraza la Mawaziri lililovunjwa kwa sababu ya hoja za wapinzani.

Wakazi wengi wa Bukoba na Muleba wamekuwa wakieleza tofauti hiyo kwa vipaji vya watu, kwamba fulani alikuwa hodari wa kusema kuliko fulani. Maelezo hayo hayatoshi. Kumbukumbu za matukio yenyewe zinaonyesha kuwa jambo lililoamua halikuwa ukali wa maneno, bali chombo ambacho hoja ilipitia kabla ya kufika mbele ya wabunge wote.

Lwakatare aliingia bungeni wakati mgumu. Katika uchaguzi wa mwaka 2000, CCM ilinyakua zaidi ya majimbo 200 kati ya 231. Wabunge wengi wa CUF kutoka Zanzibar walisusia vikao wakipinga matokeo ya uchaguzi wa Visiwani, wakapoteza viti vyao, hadi uchaguzi mdogo ulipofanyika Pemba Mei 2003. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, kwa hiyo, kiongozi huyo aliongoza kambi ambayo chama chake chenyewe kilikuwa na watu wa kuhesabika ukumbini.

Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa hotuba. Kwa utaratibu wa Bunge, kila waziri anapowasilisha makadirio ya wizara yake, upinzani hupewa nafasi ya kutoa maoni yake rasmi kupitia msemaji wake, ambaye wengi humwita waziri kivuli. Maoni hayo huingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, na Ibara ya 100 ya Katiba humlinda mbunge asishtakiwe mahakamani kwa alichosema ndani ya Bunge. Hata hivyo, hotuba hailazimishi chochote. Waziri hujibu, au hajibu, kisha kura hupigwa na wengi hushinda.

Iko sababu nyingine inayofanya wengi hao wasiyumbe kirahisi, nayo imo katika Katiba. Mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompitisha hupoteza kiti chake, na sheria haimruhusu mgombea binafsi. Aidha, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge iwapo litakataa kupitisha Bajeti. Mbunge wa chama tawala anayefikiria kuungana na wapinzani hujua kuwa anaweka kiti chake rehani, na wapigakura wanaomlaumu kwa kusema "ndiyo" kila mara hawana budi kulijua hilo.

Lwakatare alishindwa mwaka 2005 na Balozi Khamis Kagasheki wa CCM. Katika Bunge jipya, chini ya Spika Samuel Sitta, uongozi wa upinzani ulichukuliwa na Hamad Rashid Mohamed wa CUF, Mbunge wa Wawi, Pemba. Ni katika kipindi hicho ambapo Kagera iligeuka kuwa upande unaoulizwa maswali.

Februari 2007, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Nazir Karamagi, Mbunge wa Bukoba Vijijini, alisaini jijini London mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi na kampuni tanzu ya Barrick. Agosti mwaka huo, Zitto Kabwe wa CHADEMA, Mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliwasilisha hoja binafsi akitaka iundwe kamati teule kuchunguza mazingira ya kusainiwa kwake, huku Serikali ikiwa bado inapitia upya mikataba ya madini. Waziri alikanusha kufanya kosa. Hoja ilikataliwa, na badala ya waziri kuhojiwa, aliyeadhibiwa ni mtoa hoja: Bunge lilimsimamisha Zitto hadi Januari 2008.

Hapo ndipo mpaka wa upinzani ulipoonekana bila kificho. Hoja ilikuwa na uzito, na baadaye Rais Jakaya Kikwete aliunda Kamati ya Jaji Mark Bomani kuchunguza sekta ya madini, akamjumuisha Zitto mwenyewe. Lakini ndani ya ukumbi, siku ile, hapakuwa na ripoti mezani. Lilikuwapo neno la mpinzani dhidi ya neno la waziri, na mbunge wa CCM hakuwa na kitu cha kushika ili aseme kwamba anafuata ushahidi na si chama kingine.

Miezi sita tu baadaye mambo yaligeuka. Suala la mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond lilikuwa limekabidhiwa kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe wa CCM. Ripoti ilisomwa Februari 6, 2008. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alitangaza kujiuzulu, na pamoja naye waliondoka Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, aliyewahi kuiongoza wizara hiyo hiyo. Wapinzani walikuwa wamelipigia kelele suala hilo muda mrefu; kilichoongezeka ni kurasa zilizosainiwa na wabunge wa pande zote.

Mwaka 2013 ilifika zamu ya Bukoba Mjini. Balozi Kagasheki alikuwa Waziri wa Maliasili na Utalii wakati wa Operesheni Tokomeza, iliyolenga kuwasaka majangili wa tembo lakini ikazua malalamiko ya vipigo, mateso na vifo vya raia, wakiwamo wafugaji. Upinzani, kupitia msemaji wake wa wizara hiyo, Mchungaji Peter Msigwa, ulikuwa ukiibana Serikali. Pigo lilikuja Desemba 20, pale Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli, mbunge wa CCM, ilipowasilisha matokeo ya uchunguzi wake. Kagasheki alitangaza kujiuzulu humo humo bungeni, na mawaziri wengine watatu uteuzi wao ukatenguliwa. Haikuwa kwamba yeye ndiye aliyempiga mtu. Alibeba mzigo wa kisiasa wa maofisa wa chini, jambo ambalo mawaziri wa nchi hii hawalifanyi mara nyingi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Muleba Kusini. Sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo zaidi ya Sh300 bilioni zilichotwa kutoka Benki Kuu, liliibuliwa bungeni na David Kafulila wa NCCR-Mageuzi. Safari hii wapinzani hawakupitia kamati teule. Waliitumia Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC), ambayo kwa Kanuni za Bunge huongozwa na mbunge wa upinzani. Mwenyekiti alikuwa Zitto, makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, na mbele yao kulikuwa na kazi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG).

Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, alitajwa kupokea Sh1.6 bilioni kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira. Alieleza kuwa fedha hizo zilikuwa mchango kwa shule ya wasichana yenye jina la Barbro Johansson, mwalimu Mswidi aliyefika Bukoba miaka ya 1940 na baadaye akawa mbunge. Maelezo hayo hayakumwokoa. Bunge lilipitisha maazimio mwishoni mwa Novemba 2014, Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, akajiuzulu katikati ya Desemba, na Desemba 22 Rais Kikwete akatangaza kumwondoa Tibaijuka.

Wapigakura hawakuhukumu kama Bunge. Oktoba 2015, Muleba Kusini ilimrudisha Tibaijuka bungeni, wakati Bukoba Mjini ilimwacha Kagasheki na kumchagua tena Lwakatare, safari hii akiwa CHADEMA. Waziri anaweza kuanguka Dodoma akabaki mtu wa watu kwao, na kinyume chake.

Lwakatare alirudi akikuta upinzani wenye wabunge wengi zaidi ya zamani, ukiongozwa na Freeman Mbowe, lakini wenye nafasi finyu zaidi ya kusikika. Januari 2016, Serikali ilitangaza kuwa Televisheni ya Taifa (TBC) haitarusha tena mijadala yote ya Bunge moja kwa moja. Mkazi wa Kashai au Hamugembe aliyekuwa akifuatilia mjadala kwa macho yake alibaki kutegemea vipande vilivyochaguliwa. Hotuba kadhaa za wapinzani nazo ziliamriwa kuondolewa baadhi ya maneno.

Kisha, Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi liliikumba Kagera na kuua watu wasiopungua 17, huku maelfu wakikosa makazi. Michango ilimiminika. Januari 2017 Rais John Magufuli alifika Bukoba na kueleza kuwa Serikali isingemjengea kila mwathirika nyumba, na kwamba fedha zingeelekezwa katika miundombinu ya umma kama shule. Ulikuwa uamuzi uliomgusa kila mwenye nyumba iliyopasuka. Mbunge wa upinzani angeweza kuuhoji, na hoja ikarekodiwa. Hakuwa na njia ya kuubadili bila kura za walio wengi.

Ndivyo ilivyo pia kwa mambo ya kila siku ya mkoa huo: bei ya kahawa na biashara ya butura, ambayo humfanya mkulima wa Kamachumu auze kahawa ikiwa bado mtini, mnyauko wa migomba, usafiri wa meli kati ya Bukoba na Mwanza. Haya yaliulizwa na wabunge wa CCM na wa upinzani vilevile, na majibu yalitegemea zaidi fungu la bajeti kuliko chama cha muulizaji.

Njia nzito zaidi ni hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ambayo Ibara ya 53A inataka iungwe mkono kwa saini za asilimia 20 ya wabunge wote kabla ya kuwasilishwa. Aprili 2012, Zitto alikusanya saini zaidi ya 70, zikiwamo za wabunge wa CCM, baada ya ripoti za CAG kuwasilishwa. Hoja haikufika kwenye kura, lakini Mei mwaka huo Rais alipanga upya Baraza la Mawaziri na kuwaacha nje mawaziri sita.

Tangu uchaguzi wa mwaka 2020, hesabu hizo zimebaki kwenye karatasi. Lwakatare alikuwa amefukuzwa CHADEMA Mei mwaka huo pamoja na wabunge wengine watatu, na Bukoba Mjini ikaenda kwa Stephen Byabato wa CCM. Kanuni zinataka kambi rasmi ya upinzani iwe na angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote, ambayo kwa Bunge lenye wabunge zaidi ya 390 ni takriban 49. Wapinzani hawakufikia idadi hiyo, na uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikushiriki, uliiachia CCM karibu majimbo yote.

Bila kambi rasmi hakuna Kiongozi wa Upinzani Bungeni, na hakuna mawaziri vivuli wa kusoma maoni mbadala baada ya hotuba ya waziri. Katika Bunge la 2020 hadi 2025, PAC iliongozwa na Naghenjwa Kaboyoka, mmoja wa wabunge 19 wa Viti Maalumu ambao CHADEMA ilitangaza kuwavua uanachama Novemba 2020.