Kilichobaki Kwenye Mizizi

Anayechota chupa ya maji bwawani Jumatatu asubuhi hapati habari za Jumamosi usiku. Dodoma jambo hili lina uzito wake. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Korongo hujaa kwa saa chache, likazoa mafuta ya gereji, maji ya vyoo na taka za jalalani, kisha likabaki mchanga mtupu. Mpimaji akifika, uchafu umeshapita.

Mmea uliosimama majini ulikuwepo.

Matete na mafunjo hunyonya kupitia mizizi iliyozama topeni, ambako madini mazito kama risasi na zinki hutuama. Magugu maji yanayoelea hunyonya kutoka kwenye maji yenyewe. Ndiyo maana yanayoelea hueleza zaidi yaliyotokea karibuni, na yaliyoshika tope huhifadhi habari za muda mrefu. Mtaalamu hung'oa mmea, huukausha, huusaga, kisha hupima maabara kilichomo.

Lakini asing'oe nusu. Katika kinamasi cha Nyabugogo, kinachopokea maji ya jiji la Kigali, watafiti walipima kadimiamu, kromiamu, shaba, risasi na zinki katika maji, tope, mafunjo na samaki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba ndani ya mafunjo madini hayo yalikuwa yamelundikana hasa mizizini. Aliyekata majani peke yake angerudi na majibu ya kutuliza moyo, na yangekuwa ya uongo. Kampala nako mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo husimama kati ya majitaka ya jiji na ghuba ya Ziwa Viktoria ambamo mitambo ya Gaba huchota maji ya kunywa, kwa hiyo swali la kilichomo mizizini linamhusu kila anayefungua bomba.

Njia nyingine haihitaji maabara kubwa: kuangalia ni mimea gani imeota na ipi imetoweka. Maji yaliyojaa naitrojeni na fosforasi huyapendelea magugu yanayokua haraka, na mimea iliyozoea maji maangavu hukosa mwanga ikafa. Zambia ina mfumo wake, uliochapishwa mwaka 2016, unaoupa kila mmea wa mtoni alama kulingana na kiasi cha rutuba unachovumilia. Tanzania nayo inahitaji wake, kwani haiwezi kuazima jedwali la aina hiyo kutoka Ulaya na kulitumia Dodoma; mimea ni mingine, na kiangazi ni kingine.

Kiangazi hicho kina mtego wake. Bwawa la Hombolo la Dodoma, lililojengwa mwaka 1957, linajulikana kwa maji yenye chumvi, kwa kuwa jua huyapandisha maji hewani na kuiacha chumvi nyuma. Mmea ukinyauka huko, chumvi yenyewe inaweza kuwa sababu, bila sumu yoyote ya mjini. Dawa ni kulinganisha: bwawa linalopokea maji ya jiji na bwawa lisiloyapokea, chini ya jua lilelile.

Hapa ndipo Buigiri inapoingia. Kijiji hiki cha Wilaya ya Chamwino, maarufu kwa shule yake ya watoto wasioona, kipo mashariki mwa Jiji la Dodoma, kando ya barabara ya Morogoro, na kina bwawa lake ambalo mifereji ya jiji bado haijalifikia. Lakini mji unakisogelea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Ikulu ya Chamwino, jirani kabisa, ilizinduliwa Mei 2023, na penye ofisi hufuata nyumba, gereji na mashimo ya choo.

Kwa hiyo vipimo vya Buigiri vichukuliwe sasa, kabla mifereji haijafika. Wakati mzuri ni Aprili, mvua zinapoisha na maji hayajarudi nyuma: mizizi kutoka sehemu zilezile kila mwaka, ioshwe tope, ikaushwe, ifungwe kwenye bahasha za karatasi zenye tarehe. Mizizi iliyokaushwa vizuri huweza kupimwa hata miaka mingi baadaye. Mfugaji atakayeuliza mwaka 2040 ng'ombe wake wanakunywa nini atakuwa na bahasha ya leo ya kulinganisha.